Sauti ya Mpiga Pasi

Ijumaa ile albamu ya Panzi ilipotoka, dada yake alikuwa na mashuka arobaini na mawili ya hoteli mbele yake na pasi ya mvuke mkononi.

Mtaa mzima ulimwita Dada. Watoto walimwita Dada, wazee walimwita Dada, hata waliomzidi umri kwa miaka thelathini. Jina lilianza kwa Panzi. Mama yao alipofariki, Panzi alikuwa na miaka sita, na yeye ishirini na mbili, ameolewa juzijuzi tu. Akamchukua mdogo wake pamoja na godoro lake, akamtundikia pazia kwenye kona ya chumba, na tangu hapo kutwa kucha ikawa Dada hiki, Dada kile, mpaka majirani wakaona hakuna haja ya kutafuta jina jingine. Panzi naye jina alipewa na Dada, kwa sababu hakujua kutembea, alijua kurukaruka. Alipokuwa mwimbaji wakamshauri atafute jina la kifahari zaidi. Akagoma. "Aliyenipa jina hili ndiye aliyenipa uji," aliwaambia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumba ya dobi alimofanya kazi Dada ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, karibu na dari. Asubuhi jua lilipoingia lilikutana na mvuke katikati ya chumba, hewa ikawa nyeupe kama maziwa, na watu waliopita humo walionekana nusunusu: mkono, kikapu, kichwa kilichofungwa kitambaa. Miaka ishirini alikuwa akisimama ndani ya wingu hilo. Alikuwa amezoea kuona dunia ikija na kuondoka bila miguu.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote, zamu ya mdogo wetu!" Aliyepiga kelele alikuwa mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa Sabuni kwa kuwa akianza kusema povu haliishi. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa akisema. Akaipandisha redio mpaka mwisho.

"Albamu ya tatu ya Panzi," mtangazaji alikuwa akisema, "inaitwa Visigino. Nyimbo kumi na mbili, na hakuna hata mmoja wa kusikiliza umekaa. Tuanze na wa kwanza, Usilale."

Kwanza ilikuja sauti ya *fsss*, ndefu. Kimya. Kisha *fsss* nyingine. Dada aliitazama pasi yake akidhani inavuja, lakini pasi ilikuwa imetulia. Halafu ikaja sauti ya mwanamke anayeimba mdomo umefumbwa, sauti isiyo na haraka, inayopanda ngazi tatu na kushuka mbili, kama mtu anayetembea chumbani na kitu asichotaka kukiamsha. Ngoma ikaingia chini yake, taratibu, kisha kwa nguvu, na viatu vikaanza kugonga sakafu, ko-ko, ko-ko, na juu ya vyote Panzi akaimba: *Usilale, usilale, bado mapema.*

Mtu huijua nguo yake hata ikianikwa kwenye kamba ya jirani. Dada aliisimamisha pasi kwa kitako chake, akashika ukingo wa meza.

"Dada, vipi? Umepauka."

"Joto."

"Joto! Miaka ishirini hujapauka, leo ndio joto limekuona?" Lakini Sabuni alikuwa tayari anagonga visigino, mikono hewani, na wasichana wa mashine za kufulia walikuwa wametoka na mapovu kwenye viwiko, wanacheza kati ya vikapu. Wakaingia kwenye mvuke, wakatoka, wakaingia tena. Dada aliwatazama kama mtu anayetazama chini ya maji.

Alikumbuka siku yenyewe. Miezi minne nyuma Panzi alikuja kumsalimia, akakaa juu ya kikapu cha mashuka akining'iniza miguu, simu yake ameiacha mezani. Walikuwa hawaongei. Dada alikuwa akipiga pasi na, kama kawaida yake, akiimba bila kujua kwamba anaimba. Basi simu ilikuwa na masikio.

Kwa mtu mwingine jambo hili lingekuwa la kuchekea. Lakini ule haukuwa wimbo wa kila mtu. Ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo aliishi duniani siku kumi na moja.

Alizaliwa kabla ya siku zake, miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili vya baba yake. Muuguzi alikuwa mwanamke mpole, alimwambia Dada, "Mtoto wa hivi akilala sana anasahau kunyonya. Usimwache alale muda mrefu. Mwamshe." Basi Dada akamwamsha. Alitembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akimwimbia, na wimbo ulipoisha maneno aliimba mdomo umefumbwa, kisha maneno yakarudi: usilale, baba, usilale. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili hakuamka. Mumewe alikunja nguo zile ndogo moja moja, akazipeleka alikozipeleka, na wawili hao hawakulitaja jambo hilo tena. Halikuwa kosa la mtu. Lilikaa tu ndani ya nyumba kama kabati lililofungwa, kila mtu akilipitia pembeni. Mungu hakuwapa mwingine. Walikuwa na Panzi.

Sasa mtangazaji alirudi hewani akihema kana kwamba na yeye alikuwa akicheza. "Wasikilizaji, swali ni hili: sauti ya huyo mama ni ya nani? Panzi hasemi! Anayejijua ajitokeze. Tarehe ishirini na tano, uzinduzi wa albamu, mwenye sauti atapanda jukwaani. Simu ziko wazi!"

"Sauti ya nani hiyo?" Sabuni alishangaa. "Mimi nasema ni bibi kizee. Amekula chumvi nyingi, unamsikia kabisa."

Dada alichukua shuka la pili.

*

Wiki mbili zilizofuata zilipita kama ndoto ya mchana, ile ambayo unasikia watu wakiongea chumba cha pili na huwezi kuinuka. Mabango yakabandikwa: uso wa Panzi, miguu hewani, na nyuma yake kivuli cha mwanamke asiye na sura, mahali pa sura alama ya kuuliza. Dada alipita mbele ya kivuli chake kila asubuhi akienda kazini. Kilikuwa chembamba kuliko yeye.

Redioni wanawake walipiga simu. Mmoja alisema ni yeye, alirekodiwa akichuma maua. Mwingine alisema ni yeye na dada yake pacha kwa pamoja. Kinyozi wa pale kona aliapa kwamba si mtu, ni mashine, siku hizi mashine zinaimba mpaka zinalia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suti yake aliegemea kaunta, akamweleza Dada kwa kirefu kwamba mwenye sauti ni mwanamke mrefu, mweusi, mjane, mwenye huzuni iliyofichika. "Mimi nina sikio," alisema. Dada akamkabidhi suti yake, akamwambia kifungo kimoja kimelegea.

Na kila mahali, visigino. Vijana walipanga mstari mbele ya maduka wakirekodiana, ko-ko, ko-ko. Watoto wa shule waligonga ngazi. Dada alikuwa akisikia sakafu ya ghorofa ya juu ikigongwa, na moyo wake ukifuata bila kupenda.

Panzi alipiga simu kutoka mji wa mbali. Alikuwa akizunguka na albamu, kituo hiki cha redio leo, kile kesho. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuongea.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?" Alikuwa anajizuia asicheke, kama alipokuwa mdogo na ameficha kitu mgongoni. "Umeipenda?"

"Nguo zimejaa hapa. Tutaongea."

"Dada? Kuna nini?"

"Kula vizuri," Dada alisema, akakata.

Siku ya kumi na tano mumewe alirudi nyumbani saa saba mchana. Alikuwa fundi vioo, mtu wa maneno machache na vipimo sahihi, na tangu waoane hakuwahi kurudi saa saba mchana ila ameumia. Dada, aliyekuwa na zamu ya jioni, alimtazama mikono kwanza. Haikuwa na damu.

"Nimekata kioo vibaya," alisema. "Vitatu. Vyote vibaya." Akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu. "Vijana wa pale kwenye jengo wanapiga wimbo wa Panzi tangu juzi. Nikawa najiambia, huu nimeusikia wapi. Leo nimepanda ghorofa ya nne, dirisha halijawekwa, upepo unaingia, wao wako chini wanacheza kwenye sakafu mpya. Na nikaona..." Akapangusa magoti yake ambayo hayakuwa na vumbi. "Ni ule, sio?"

Miaka kumi na tisa si kitu cha kufungua kwa vidole.

"Ni ule," alisema.

"Nilidhani nimeusahau."

"Mimi nilidhani hukuwahi kuusikia. Ulikuwa unalala."

"Nani alikuwa analala?" mumewe aliuliza, na akamwangalia usoni. "Nilikuwa nafumba macho. Nilikuwa nahesabu hatua zako. Saba hadi dirishani, saba kurudi."

Dada akakaa chini, pale pale sakafuni, mgongo kwenye mlango. Nje mtu alipita akiimba *bado mapema, bado mapema*.

"Wanamkanyaga," alisema. "Kila nikisikia vile viatu naona wanamkanyaga, na hawajui kama yupo. Nataka kumwambia Panzi autoe. Halafu naona, nitamwambiaje bila kumwambia yote?"

"Mwambie yote."

"Wewe ungeweza?"

Fundi alifikiri, kama alivyofikiri juu ya kila kitu, kwa muda wa kupimia dirisha. "Hapana," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenye sauti."

*

Ofisi za waliotoa albamu zilikuwa kwenye jengo lenye lifti inayokataa kusimama ghorofa ya tatu, basi Dada alishuka ya nne akarudi kwa ngazi. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amelipiga pasi mara mbili. Panzi alikuwa amerudi mjini asubuhi hiyo. Uzinduzi ulikuwa kesho yake.

Mlangoni alipokewa na mtu mwenye simu tatu zilizolia kwa zamu. Watu walimwita Meneja Kengele, na ungekaa naye dakika moja ungejua kwa nini. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya albamu hii tu, na hakuwahi kumwona Dada.

"Namtafuta Panzi," Dada alisema.

"Ndiyo, mama, karibu, karibu sana. Wenye sauti wote kule." Akamwonyesha kwa simu ya pili.

"Mimi si—"

"Usiwe na haya, mama! Chukua namba."

Na kabla hajajieleza alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, karatasi yenye namba kumi na nne mkononi, kwenye foleni ya wanawake waliokuja kudai sauti yake. Mbele kulikuwa na mlango, na kando yake kijana wa kamera. Meneja mwenyewe hakulijua jibu. Panzi alikuwa amemwambia atalitoa jukwaani, basi. Lakini wanawake wanaojaribu ni picha nzuri, na picha nzuri huuza albamu.

Dada angeweza kuinuka. Alijiambia atainuka. Lakini yule wa namba tisa, mwalimu mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi, alianza kujipima sauti kwa kufumba mdomo, na akaupata wimbo wenyewe, ngazi tatu juu, mbili chini.

"Wewe uliurekodi wapi?" namba kumi alimuuliza kwa wivu.

"Sikuurekodi popote," mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa namwimbia mume wangu alipokuwa amelazwa. Si huu. Lakini ukiusikia huu, ni kama huu."

"Mimi najua kabisa sio mimi," alisema bibi mmoja aliyeketi karibu na Dada, mwavuli magotini. Alisema bila aibu yoyote. "Mjukuu wangu yuko mbali, amenipigia simu, analia: bibi, nimekusikia redioni. Sasa nimwambie sio? Nimeona heri nije, wakinikataa wamenikataa wao."

Wote wakacheka, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyejua nani alianza, lakini wakawa wanaimba. Namba kumi alikuwa juu kidogo. Bibi mwenye mwavuli alikuwa nyuma kidogo. Wanawake kumi na watatu, midomo imefumbwa, kwenye ukumbi mwembamba wenye taa nyeupe na zulia lililochakaa. Na wimbo ukajaa mle kama maji yanavyojaa beseni, bila haraka, mpaka Dada akahisi umemfika kifuani na anaelea. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya wimbo. Ilionekana usoni mwao. Na mtoto wa Dada hakupungua kwa hilo. Alitafuta ndani yake mahali anapopungua, hakupaona.

Akafumba mdomo, akaingia pamoja nao.

Zamu yake ilipofika alikuta Meneja Kengele na fundi mitambo aliyevaa vipokea sauti vikubwa masikioni.

"Imba, mama, usiogope."

Dada akaimba. Fundi mitambo akainua kichwa, akamtazama, akasita. Meneja alikuwa akisoma simu ya tatu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, mama. Ila tunayoitafuta ina... nisemeje... ina mvuke fulani hivi. Yako ni kavu. Asante kwa kuja."

Kicheko kilichomtoka Dada hakikuwa cha adabu. Kilianzia tumboni. Alikuwa bado anacheka, amejishika mbavu, mlango wa pili ulipofunguliwa na Panzi akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dada?"

"Nimekuja kujaribu bahati," Dada alisema akipangusa macho. "Wamenikataa. Nimekauka."

Meneja Kengele alitazama mmoja, akatazama mwingine. Simu zote tatu zililia na hakupokea hata moja.

*

Walijifungia kwenye chumba cha mavazi. Kulikuwa na vioo pande mbili na viatu kila mahali, jozi kwa jozi, vyenye vyuma kwenye visigino. Panzi alikaa sakafuni kati yake. Miaka ishirini na sita, picha yake kwenye kila ukuta wa mji, na alikaa vile vile alivyokaa alipovunja birika.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Nikuite jukwaani, niwaambie watu, huyu ndiye. Watu wote wakupigie makofi. Nilijua utanigombeza, kisha utacheka."

"Sauti ulinirekodi mezani. Hiyo nimeielewa." Dada alivuta kasha la viatu akaketi juu yake. "Lakini mezani mimi siimbi maneno. Maneno ulipewa na nani?"

"Maneno?"

"Usilale."

Panzi aliokota kiatu kimoja, akakigeuza. "Niliyaota," alisema polepole. "Naota tangu utotoni. Niko nyuma ya pazia, na pazia lina mwanga, na kuna kivuli kinakwenda na kurudi, kinasema usilale, baba, usilale. Nilikuwa najiuliza kwa nini naitwa baba. Kisha nikadhani ni marehemu mama, amekuja kunitazama. Siku ile pale dobi nilipokusikia, ndoto yote ikarudi. Nilidhani na wewe ulimwota."

"Hukuota," Dada alisema.

Akamwambia. Hakulia alipokuwa akisema, na hakuficha kitu: viganja viwili, maneno ya muuguzi, hatua saba, asubuhi ya kumi na mbili. Alisema jina la mtoto, ambalo mdomo wake ulikuwa haujalitamka tangu hapo, na likatoka jipya, kama nguo iliyotunzwa. Vioo viwili vilikuwa vikipokezana sura zao mbele na nyuma, Dada na Panzi, Dada na Panzi, wadogo zaidi na zaidi, mpaka mbali kabisa.

"Alikuwepo mtoto," Panzi alinong'ona. "Nilimshika mguu. Ulikuwa kama kidole changu. Mkaniambia amesafiri, nami nikangoja arudi, halafu... Dada, niliacha kungoja bila kujua nimeacha." Akajifuta pua kwa mkono, kama mtoto. "Nautoa. Leo hii. Nawaambia waufute kila mahali, na uzinduzi nitaimba nyingine kumi na moja."

"Utawafuta na watu midomo? Maji yakimwagika, Panzi."

"Basi nifanye nini?"

Dada alitazama viatu. Alikuwa amekuja na jibu moja, ukumbi ule mwembamba ukamnyang'anya. "Uache," alisema. "Ila shindano liishe. Sitaki kupandishwa jukwaani, na sitaki yeye aelezwe kwenye redio. Huyo ni wetu. Wimbo wachukue." Kisha, kwa sauti nyingine: "Na albamu yenyewe sijaisikia. Nimesikia huo mmoja tu, nao sikuusikiliza. Niwekee zote."

Wakasikiliza nyimbo zote kumi na mbili, migongo kwenye kioo. Kwenye wa tano Dada alisema huu mrefu mno. Kwenye wa tisa akaomba urudiwe.

Meneja Kengele alikuwa nje ya mlango walipotoka, na mlango haukuwa mnene. Macho yake yalikuwa yameng'aa.

"Mama," alisema, "hadithi kama hiyo... Kesho, taa moja tu juu yako, huhitaji hata kusema neno. Nchi nzima italia. Albamu itakwenda—"

"Itakwenda kwa miguu yake," Panzi akamkatiza. "Ni ya kucheza. Ukilisema hili popote, mimi kesho sipandi, na wewe utaimba mwenyewe."

Kengele aliwaza kuhusu kuimba mwenyewe. Akapokea simu.

*

Uzinduzi ulikuwa saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa michezo wenye paa la bati angavu, jua likipita kama kwenye karatasi. Panzi mwenyewe ndiye aliyetaka mchana. Watu wachezee mwangani, alisema, waonane. Dada na mumewe walikaa ngazi za juu kabisa. Fundi alikuwa amevaa suruali ya harusi za watu, na alikuwa akitazama madirisha ya ukumbi, akipima.

Watu walijaa hadi ukutani. Vumbi jembamba lilipanda kutoka sakafuni, likashikwa na mwanga, na ukumbi wote ukawa na rangi ya asali. Panzi aliimba nyimbo kumi bila kupumzika, akiruka kama alivyoruka akiwa na miaka sita. Halafu akasimamisha bendi.

"Shindano limekwisha," alisema kwenye kipaza sauti, huku akihema. Watu wakapiga mayowe. "Sauti ina mwenyewe. Mwenyewe hataki makofi. Ameniruhusu tucheze, na hilo ni kubwa kuliko mnavyojua. Basi msiniulize tena. Chezeni vizuri."

Wengine walizomea kidogo, maana watu hupenda kuambiwa. Lakini *fsss* ikaja, na *fsss* ya pili, na wakasahau walichouliza.

Dada aliinamisha macho kutazama chini. Walikuwa vijana, karibu wote. Miaka kumi na minane, kumi na tisa, ishirini. Wavulana warefu waliorefuka haraka kuliko mashati yao. Wasichana waliovua viatu na kuvishika mkononi. Sauti yake ilikuwa juu yao wote, kubwa kama paa, ikiwaambia wasilale, na hakuna aliyelala. Walikuwa macho, wamelowa jasho, visigino vikigonga kwa pamoja mpaka ngazi aliyokalia ikatetema. Akamtafuta. Hakujificha kwamba anamtafuta. Alimwona kwa yule wa shati la njano, kisha kwa yule anayecheka kinywa wazi, kisha kwa mwingine aliyekosea hatua akaendelea tu. Alikuwa kila mahali na hakuwepo, na kwa mara ya kwanza mambo hayo mawili hayakugombana.

Alipogeuka, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Fundi alikuwa ameshafika nusu ya ngazi, anashuka kwa uangalifu, mkono kwenye chuma. Mtu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alisimama kama nguzo! Alifika sakafuni, akasimama ukingoni mwa vijana, akainua mguu mmoja, akaugonga. Akachelewa. Akagonga tena, akawahi. Mvulana mmoja mrefu akamwona, akasogea kumpisha, akamwonyesha: hivi, mzee, kisigino kwanza.

Dada alivua viatu vyake vya kijani, akaviacha pale pale juu, akashuka.

*

Jumatatu pale dobi Sabuni alikuwa na uhakika sasa. Mwenye sauti ni binamu yake wa upande wa mama, mwanamke wa haya kupita kiasi, ndiyo maana alikataa makofi. Ukoo wao wote uko hivyo. "Hamjui tu," alisema, "sisi si watu wa kujionyesha." Wasichana wa mashine walicheka mpaka wakakaa chini. Dada alimwambia amsalimie binamu.

Albamu ilienda mbali. Panzi aliondoka nayo wiki hiyo hiyo, mji hadi mji, na kila alikofika alipiga simu, si kuuliza tena kama Dada ameipenda, bali kuuliza mambo madogo: alikuwa na nywele? Alifanana na nani? Dada alimjibu akiwa na pasi mkononi, simu kati ya bega na sikio.

Na nyumbani, asubuhi moja, chai ikiwa mezani, Fundi alikuwa akipaka mkate siagi kwa uangalifu ule wake, kona hadi kona. Hakuinua macho.

"Unadhani angekuwa mrefu?" aliuliza.

Dada aliweka kikombe chini. Nje walikuwa wakifungua maduka.

"Kukushinda wewe," alisema. "Mlangoni angekuwa anainama. Na mvivu huyo! Saa hizi angekuwa bado amelala, mimi namwita mara ya tatu."

"Mara ya nne," mumewe alisema, na bega lake likaanza kutikisika, na Dada akaona anacheka, na yeye akaanza, na wakaendelea kumsema hivyo, uvivu wake, viatu vyake vikubwa alivyoviacha katikati ya nyumba, mpaka chai ikapoa na wote wawili wakachelewa kazini.